Muulize Bibi Kaseti: Kijana wa kioo cha feruzi

Toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza kama yupo mwana-hip hop wa siku hizi ambaye harakati zake si za kwenye mistari tu. Nikamjibu kwa sentensi chache: nikamtaja Xiuhtezcatl Martinez wa Colorado, Marekani, rapa aliyeishitaki serikali ya nchi yake akiwa na miaka 15. Sentensi chache, makosa mawili. Jina lake lilitoka pungufu ya herufi mbili, na yeye mwenyewe nikamwita "Mhindi Mwekundu". Basi barua zikamiminika. Nyingi ni za maswali, kadhaa ni za kunisuta, na moja ni ya bwana wa Korogwe anayeuza redio kaseti yenye milango miwili. Bwana, hiyo nitakupigia.

*Shikamoo Bibi. Nasoma kidato cha tatu hapa Mbeya. Hilo jina darasa zima tumelijaribu tukashindwa, na mwalimu wa Kiingereza kashindwa pia. Linatamkwaje, na lina maana gani?*

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu msimcheke, hilo si Kiingereza. Ni Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko ambayo watu zaidi ya milioni moja na nusu wanaizungumza hadi leo. Hiyo X isome kama "sh" yetu: Shu-TEZ-kat. Ile "tl" ya mwisho kwa Kinahuatl ni sauti moja, ulimi unagota nyuma ya meno halafu pumzi inatorokea pembeni. Mwenyewe akijitambulisha kwa wageni huimeza, nawe imeze.

Sasa maana yake. *Xiuh* ni feruzi, lile jiwe la buluu inayoelekea kijani, kama bahari ya hapa Tanga saa mbili asubuhi kabla upepo haujaanza. *Tezcatl* ni kioo. Kioo cha feruzi. Na neno feruzi tunalo wenyewe, la zamani, ingawa vijana waliokuwa wateja wangu miaka ya 2000 wao walimjua Ferooz wa Daz Nundaz tu, jiwe hawakulijua. Wenzake wanafupisha, wanamwita X. Ukishindwa kabisa mwite hivyo, ila jaribu kwanza lile refu angalau mara tatu.

Watu wake ni Wameshika. Vitabu vya shule vinawaita Waazteki. Ndio waliojenga mji wa Tenochtitlan katikati ya ziwa, pale ulipo leo mji wa Mexico City, ukaangushwa na Wahispania na washirika wao mwaka 1521. Jina la Meksiko limetoka kwao. Na siku ukinunuliwa chokoleti, ujue neno hilo nalo lilisafiri kutoka kwao hadi duka la Mangi hapo mtaani kwenu. Kwa hiyo usiniambie Kinahuatl ni lugha ya mbali.

*Jambo sana mama. Miye ni mutu wa Uvira, sasa niko Aurora, karibu na Denver. Mutoto wangu wa kike anasoma na batoto ba Mexique. Mumoja alimuambia yeye ni Chicano na tena ni Indien. Nilicheka. Mutu anaweza kuwa vitu viwili namna gani? Na wewe mama, uliandika "Mhindi Mwekundu", mutoto wangu alikasirika.*

Jambo sana mwanangu, na huyo binti mwambie Bibi ameomba radhi. Neno hilo nililiokota Majestic, ukumbi wetu wa sinema hapa Tanga, kwenye picha za kauboi, ambako kazi ya "Mhindi Mwekundu" ilikuwa kupanda farasi, kupiga kelele na kufa. Tulilipa kiingilio tukawashangilia waliokuwa wanawaua. Nimezeeka nalo mdomoni. Mtu wa Lakota ni Mlakota, wa Arapaho ni Mwarapaho, kama wewe ulivyo mtu wa Uvira na si "Mwafrika Mweusi". Ukiwa huna hakika ya kabila, sema mwenyeji wa asili, inatosha.

Na hapo mlipo, mwanangu, usidhani ni mahali pasipo na historia. Boulder, mji alikokulia Xiuhtezcatl, ni mwendo mfupi kutoka kwako, na ni ardhi ya Waarapaho. Mwaka 1864 baadhi ya askari walifundishwa kambini karibu na Boulder, wakaenda Sand Creek, kusini mashariki mwa Colorado, wakavamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho waliodhani wako chini ya amani. Wanaolitunza eneo hilo leo wanahesabu waliouawa kuwa wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Boulder ya sasa ni mji wa chuo kikuu, baiskeli na watu wenye uwezo. Lakini kijana wa Kimeshika akikulia hapo, hayo yote yako chini ya nyayo zake.

Sasa Chicano. Mwaka 1848, baada ya vita, Meksiko ilitia sahihi mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Ikapewa dola milioni 15, na California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya maeneo yanayozunguka hapo ikawa Marekani, pamoja na kipande cha hiyo Colorado yenu. Watu waliokuwa wakiishi huko hawakuhama hata hatua moja. Wajukuu zao wana msemo: hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka. Nani asiyeuelewa? Muulize Mmaasai wa Namanga. Muulize Mdigo mwenye shamba Horohoro na shangazi Lunga Lunga, anayeonyesha kitambulisho akienda mazikoni kwa ndugu yake.

"Chicano" lilikuwa tusi. Wengi wanalieleza kuwa ni "Meshikano" iliyokatwa kichwa, jina la kumdharau Mmeksiko maskini aliyezaliwa upande wa Marekani. Ni kama sisi tulivyofanywa na neno Mswahili: mtu anakwambia "usiniletee uswahili", au "yule anakaa uswahilini", na hamaanishi lugha. Miaka ya 1960 vijana wakalichukua tusi lile wakalivaa kama kanzu ya Idi. Mmoja wa waliowaongoza alikuwa bondia wa hapo Denver, Rodolfo "Corky" Gonzales, na mwaka 1969 vijana kutoka kila pembe walikusanyika Denver kwake wakatangaza kwamba wao si wageni, kwamba wana damu ya wenyeji na ardhi ile waliikalia kabla ya mstari kuchorwa. Kwa hiyo yule mtoto darasani hakukosea. Uchicano kwa wengi ndiyo njia ya kurudia uenyeji ule.

Ila nikuambie na upande wa pili, kwa sababu binti yako atausikia tu. Serikali ya Marekani inatambua mataifa ya wenyeji zaidi ya 570, yenye orodha zao za wanachama, na Wameshika hawamo. Wapo wenyeji wanaosema: Chicano anajiita mwenyeji, haya, taifa gani limemwandika? Si swali la uhasidi. Ni watu walionyang'anywa karibu kila kitu, wanalinda kilichobaki. Mimi namhesabu Xiuhtezcatl kuwa mwenyeji kwa sababu baba yake ni Mmeshika na alimlea kwa ibada na lugha ya watu wake. Hata mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 2015, alianza kwa dua ya Kinahuatl kabla ya kusema neno jingine.

*Bibi Kaseti, shikamoo. Mimi mama wa watoto wanne, Morogoro. Umesema kijana huyo alianza kuhutubia akiwa na miaka sita. Mtoto wa miaka sita anajua nini? Si wazazi wake walikuwa wanamtumia?*

Marahaba mwanangu. Swali lako limenikalia kooni siku nzima.

Mama yake, Tamara Roske, ndiye aliyeanzisha Earth Guardians, shirika la vijana wa mazingira, kwanza kama shule katika kisiwa cha Maui, Hawaii, mwaka 1992. Kwa hiyo ndiyo, mtoto alizaliwa mwaka 2000 akayakuta mambo yanachemka jikoni. Akiwa na sita alishika kipaza sauti kwenye mkutano wa hali ya hewa. Bado mdogo, akawa miongoni mwa watoto waliokwenda kuwasumbua madiwani wa Boulder waache kupuliza sumu ya wadudu kwenye viwanja wanakochezea. Akiwa na 12 alikuwa Rio de Janeiro kwenye mkutano mkubwa wa mazingira. Mwaka 2013 akapewa tuzo ya Rais Obama ya huduma kwa jamii.

Mimi nilipandishwa jukwaani nikiwa darasa la pili, Sabasaba, kughani ngonjera ya kilimo cha kufa na kupona mbele ya mkuu wa wilaya. Nilikuwa nimepakwa mafuta hadi magotini. Sikujua hata nusu ya maneno niliyosema, na mkuu wa wilaya alilia kwa furaha. Kwa hiyo nawajua watu wazima wanaolia kwa furaha mtoto akisema. Wanalia, wanapiga picha, wanaondoka. Nyimbo za mwanzo za Xiuhtezcatl, alizokuwa akirap na mdogo wake, ni ngonjera, mama. Nasema bila kumvunjia heshima. Miti, maji, tuamke, tusimame. Vina vipo, moyo upo, lakini ukisikiliza tatu umesikiliza zote.

Lakini tazama kilichofuata. Mtoto anayetumiwa na wazazi akifika miaka 18 huacha, au huendelea kughani ngonjera ileile. Huyu mwaka 2018 alitoa albamu, *Break Free*, na hapo unasikia mtu mwingine, anayejua kukaa juu ya mdundo na kuacha nafasi. Mwaka 2020 akaandika kitabu kidogo kuhusu hip hop na mipaka ya kufikirika, kinachobebeka mfukoni. Harakati alianzishiwa, nakubali. Hip hop aliichagua mwenyewe, na ndiyo aliyoitumia kujitoa kwenye lile jukwaa la kupakwa mafuta. Nakubaliana nawe nusu. Nusu nyingine muulize mwanao wa kwanza ni jambo gani ulimlazimisha nalo hadi leo analipenda.

*Shosho, niaje. Nasomea sheria Nairobi. Hao vijana walishinda kesi ama walishindwa? Nimesoma huku wanasema walishinda, kule wanasema walitupwa nje.*

"Niaje" mwambie mwenzako. Mimi niamkie, halafu tuongee sheria.

Umeamka salama? Haya. Kesi ni mbili, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ya nyumbani kwao. Colorado wanachimba mafuta na gesi kwa kupasua miamba: wanashindilia maji, mchanga na kemikali ardhini kwa nguvu hadi mwamba unaachia. Visima vinakaribia nyumba na shule. Mwaka 2012 na 2013 wapiga kura wa Longmont, Boulder, Lafayette, Broomfield na Fort Collins walipiga kura kuzuia au kusimamisha uchimbaji huo, na mwaka 2016 mahakama ya juu ya jimbo ikasema Longmont na Fort Collins hazina mamlaka hayo. Xiuhtezcatl na wenzake walipita mlango mwingine. Mwaka 2013 waliiomba tume ya mafuta na gesi ya jimbo isitoe kibali chochote mpaka sayansi ionyeshe kwamba hakuna madhara kwa afya na mazingira. Tume ikakataa. Wakakata rufaa, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Januari 2019 mahakama ya juu ya jimbo ikaufuta: tume, ikasema, inapaswa kupima afya na biashara kwa pamoja.

Aliyeishia kusoma hapo ataandika "walishindwa". Lakini Aprili mwaka uleule wabunge wa Colorado walipitisha sheria mpya iliyobadili kazi ya tume yenyewe, isiwe tena kuendeleza uchimbaji bali kuusimamia, afya na mazingira vikitangulia. Kesi ilikufa, hoja yake ikaingia bungeni kwa miguu yake. Hilo somo la sheria sijui kama wanakufundisha darasani.

Ya pili ndiyo kubwa, Juliana dhidi ya Marekani. Agosti 2015, Eugene, Oregon, vijana 21, Xiuhtezcatl akiwemo, mdogo wao ana miaka minane, pamoja na mwanasayansi James Hansen aliyesimama kwa niaba ya vizazi vijavyo, waliishitaki serikali kuu. Walisema imejua kwa miaka mingi hatari ya kuchoma mafuta na makaa, na bado inaipa biashara hiyo nguvu, hivyo inawanyima haki ya kuishi. Na nani alikuwa Rais? Obama, yuleyule wa tuzo ya 2013. Mawakili wa Obama waliomba kesi itupwe, mawakili wa Trump wakaendelea palepale walipoishia wenzao. Katika mambo yote wasiyokubaliana watu wale wawili, hili walikubaliana.

Mwaka 2016 Jaji Ann Aiken aliikubali kesi isikilizwe. Januari 2020 majaji wa rufaa, wawili kwa mmoja, walisema madhara ni ya kweli lakini mahakama haina uwezo wa kutoa dawa inayoombwa, waende kwa wanasiasa. Watoto, kumbuka, wasio na kura. Ikarudi, ikazungushwa, mwaka 2024 ikaamriwa ifutwe, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuigusa. Miaka karibu kumi, na hawakuwahi kuruhusiwa kuleta shahidi mmoja mbele ya jaji kwenye kesi kamili. Kesi ilifia mlangoni.

Walioshinda ni wadogo zao wa Montana, vijana 16, mwaka 2023, na ushindi ukathibitishwa Desemba 2024. Wao walikuwa na silaha: katiba ya jimbo lao imeandika haki ya mazingira safi na yenye afya. Na wewe, mwanasheria wa Nairobi, fungua Katiba ya 2010 ibara ya 42 uone kilichoandikwa. Wazee wa Lamu waliiona. Mwaka 2019 baraza la mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hao ndio uwatafute, chakula chao ni kizuri na watakuamkia wao kwanza kwa aibu yako.

*Za leo mama. Dereva daladala, Buguruni. Kuna abiria kaniambia yule Taboo wa Black Eyed Peas naye ni mtu wa kabila hizo za wenyeji. Mimi miaka yote nilijua ni Mchina. Nani mkweli?*

Abiria. Na mimi nilikuwa kundi lako, baba, tena nilikuwa nalipwa kwa kutojua kwangu. Mwaka 2003 nilikuwa na kibanda pale Ngamiani, Barabara ya 9. Kaseti ya Black Eyed Peas nilikuwa nairudufu usiku kucha, deki mbili zinazunguka, feni moja, na asubuhi nauza. Mteja akiuliza yule mwenye nywele ndefu ni nani, namjibu bila kupepesa: Mfilipino. Mfilipino kwenye kundi yupo kweli, ni apl.de.ap. Yule mwenye nywele ndefu ni Jaime Luis Gómez, mzaliwa wa 1975 wa Boyle Heights, mtaa wa Wameksiko mashariki mwa Los Angeles. Kwao ni Wameksiko, na kupitia bibi yake ni Mshoshone. Bibi huyo ndiye aliyempa moyo wa kucheza na kuimba. Chicano na mwenyeji, vyote viwili katika ngozi moja, tukamwita Mchina miaka ishirini.

Alipougua saratani mwaka 2014 na kupona, alirudi kwa nguvu kwenye upande huo wa bibi. Mwaka 2016 akaungana na marapa wengine wa mataifa ya wenyeji kutoa wimbo wa kuwaunga mkono watu wa Standing Rock, Dakota Kaskazini. Huko kampuni ilikuwa inajenga bomba la mafuta la kilomita karibu 1,900 hadi Illinois, likipita chini ya ziwa Oahe, kwenye mto Missouri, jirani kabisa na ardhi ya Wasioux wa Standing Rock na maji wanayokunywa. Walipiga kambi tangu Aprili. Kauli yao kwa Kilakota, *Mni Wiconi*, sisi tunayo iliyochapwa kwenye matangi ya kila mradi wa maji: maji ni uhai. Novemba, usiku wa barafu, polisi waliwamwagia maji kwa mabomba ya shinikizo. Desemba kibali kilinyimwa, watu wakakumbatiana. Januari 2017 Rais mpya akaamuru mambo yaharakishwe, na Juni mafuta yakaanza kupita. Agosti MTV wakatoa tuzo ya wimbo wa mapambano, na ule wa Taboo na wenzake ukawa miongoni mwa zilizopewa. Tuzo wanayo. Na bomba lipo.

Sasa ukimpakia yule abiria tena, mrudishie nauli.

*Bibi, mimi mtu wa hapahapa Tanga, mvuvi. Unatuletea bomba la Dakota, na la Chongoleani umelipita kama hulioni. Unaogopa?*

Shemeji, nakujua kwa mwandiko. Siogopi, nilikuwa nasubiri mmoja wenu aulize.

Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Mafuta ya Hoima ni mazito kama samli ya baridi, hivyo bomba zima sharti lipashwe moto njiani ili yatiririke. Wapo waliopata kazi, na wa mtaani kwangu wamo, wamejenga. Wapo walioacha mashamba na makaburi ya wazee wao njiani, na fidia wanailalamikia. Mashirika manne yalikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka 2020 kulipinga. Mwaka 2023 mahakama ikasema walichelewa kufungua kesi. Haikusema bomba ni jema wala ni baya. Mlangoni tena, kama wale watoto wa Oregon.

Tofauti ninayoiona ni hii. Standing Rock ilikuwa na nyimbo, na nyimbo zilimfikia hata mwanamke wa Ngamiani aliyestaafu kaseti. Bomba letu halina wimbo hata mmoja ninaoujua, wa kulisifu wala wa kulilalamikia, ukiacha zile za kwenye sherehe za uzinduzi, ambazo ni ngonjera. Mji wenye vikundi vya taarabu vya tangu enzi za Black Star na Lucky Star! Wewe mwenyewe ulikuwa unapiga ganuni. Usiniulize mimi kama naogopa.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Mkinga, Mdigo. Baada ya kusoma habari za huyo X nimeanza kurap kwa Kidigo. Rafiki zangu wanacheka, wanasema hip hop ni Kiswahili au Kiingereza, Kidigo ni cha kuimbia ngoma za harusi. Nifanyeje?*

Marahaba mjukuu wangu. Hao rafiki zako waulize kama wamewahi kusikia X Plastaz wa Arusha. Ndugu wale walimleta Merege, Mmaasai mwenye shuka lake, akaimba kwa Kimaasai juu ya mdundo wa hip hop, na wakazunguka Ulaya. Hapa nyumbani walichekwa vilevile. Mwenzao Faza Nelly aliuawa mwaka 2006, akiwa bado kijana, na kaseti yao ndiyo ya mwisho niliyokataa kuifuta ili nirekodie kitu kingine. Ninayo kabatini, utepe umejikunja, nauzungusha kwa kalamu mara moja kwa mwaka.

Ila nami nina sharti. Usiniletee wimbo wa "utamaduni wetu, asili yetu, tuamke". Nimeshaghani huo Sabasaba. Niletee wa shangazi yako wa Lunga Lunga, mpakani anasemwaje, na anamjibu nini askari anayemuuliza anakwenda wapi na ndizi hizo. Anajibu kwa Kidigo, si ndiyo? Basi neno kwa neno.

Jumamosi baada ya adhuhuri nipo nyumbani. Ukifika Barabara ya 9 uliza kwa Bibi Kaseti, na kama una kaseti tupu mahali, njoo nayo. Simu yako sitaki kuiona.